Pumba za Tindiga Ndani ya Boila

Marahaba, wale mlionisalimia. Wale mliosema "mambo, bibi" bado nawasubiri.

Nawaandikia kwa sababu Jumamosi nilipita pale kwenye banda la zamani, nikawaona mmelizunguka lile garimoshi langu. Nimesikia mmejitolea kulifufua. Vizuri. Mna glavu, mna brashi, mna fulana zenye maandishi kifuani. Lakini nimemwona pia mmoja wenu anapaka rangi nje ya boila ambalo ndani hajaliangalia. Huyo ni sawa na mtu anayempaka wanja bibi harusi mwenye homa ya matumbo. Shuka chini, funika kopo lako, soma kwanza.

Mkubwa wenu ndiye aliyeniomba niwaandikie ninayoyajua. Mimi shule sikwenda. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, tayari nina mtoto mgongoni, basi mkikuta nimekosea mahali, nyamazeni. Mwandiko ni wa kisomo, lakini boila nimeliosha miaka mingi kuliko umri wenu.

Jambo la kwanza ni ukoko. Maji ya hapa Kilosa yana chumvi ya mawe. Ukichemsha kwenye birika mwaka mzima, mnaona ule ukoko mweupe chini? Sasa chukueni birika refu kuliko chumba cha kulala, lipeni moto kila siku, muone. Ukoko ukinenepa, moto unapasha ukoko badala ya maji, bati linapata joto kupita kiasi, linavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Kwa hiyo kazi ya mwosha boila ni kugonga ukoko mpaka chuma kionekane. Unagonga kwa nyundo ndogo, kwa mkono mwepesi. Ukipiga kwa hasira unatoboa. Kama umegombana na mtu nyumbani siku hiyo, usiguse nyundo, nenda kabebe maji.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Danieli. Alikuwa mtu wa milimani, Mkaguru, amelelewa misheni, ameendesha garimoshi toka enzi za wakoloni mpaka macho yakachoka. Akigonga boila hakutazama, alisikiliza, huku akivuma wimbo wa kanisani kwa pua. Alituambia, "Chuma kizima kinajibu. Kibovu kinaguna." Mpaka leo nikipita karibu na sufuria ya mtu naigonga. Wakwe zangu hawapendi.

Mzee Danieli alikuwa na kasoro moja tu, upole. Hakuweza kumwambia mtu hapana. Mtu akimletea chai yenye chumvi badala ya sukari, ataimaliza na kuomba nyingine ili aliyepika asijisikie vibaya. Kumbukeni kasoro hiyo, maana ndiyo karibu inirudishe dunguni.

Dungu hamlijui, nyie wa mchele wa dukani. Ni kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kuweka maziwa, ndege wanakuja kama wingu, na mtu anakaa juu ya dungu toka alfajiri hadi jua linazama akipiga debe, akirusha madongo kwa kombeo na kupiga kelele. Hiyo ndiyo kuamia ndege. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alikuwa na shamba Tindiga, shamba pana, tambarare, na ndege wa Tindiga wana dharau. Nilipoolewa na mwanawe Rajabu, msimu wa kwanza nilipelekwa dunguni. Nikarudi sina sauti, nimeungua jua, usiku nikiota napiga debe nikampiga Rajabu. Nikaapa moyoni kwamba nitafanya kazi yoyote duniani isipokuwa hiyo.

Ndipo likaja garimoshi.

Halikuwa la reli. Lilikuwa la shamba la mkonge. Wenye shamba walipoondoka baada ya uhuru walibeba magari, viti, vitanda, hata bawaba za milango. Garimoshi wakaliacha kwa sababu halikuingia kwenye lori. Likakaa bandani miaka, kuku wakatagia tanuruni. Kijiji chetu cha ujamaa kilipoanzishwa tukapewa shamba na kila kilichobaki, na garimoshi likiwemo. Mwenyekiti wetu, Bwana Kibwana, akasema tulitengeneze wenyewe, kwa kujitolea, litavuta mabehewa ya mkonge na mahindi hadi stesheni ya Kilosa. Watu wakapiga makofi. Bwana Kibwana alipenda makofi kuliko nyama.

Lakini kulikuwa na bwana mmoja mkaguzi, aliyetumwa kutoka ofisi za mjini, mtu wa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata mkate. Akasema chuma kile kimekalia banda linalotakiwa kwa kazi nyingine. Akatoa sharti moja mbele ya wote: kabla ya masika litoke bandani lifike stesheni kwa nguvu zake lenyewe. Likisukumwa hata na mtoto, halihesabiwi. Likishindwa, litakatwa vipande liwe chuma chakavu.

Kila kaya ilitoa mtu mmoja wa kujitolea siku za Jumamosi. Kwetu alitakiwa Rajabu, lakini mgongo wake uliuma. Mgongo wa Rajabu uliuma siku za Jumamosi tu. Nikaenda mimi.

Nikaipenda kazi ile siku ya kwanza. Sijui niwaeleze vipi. Unaingia tanuruni kwa kile kimlango, unakaa mle gizani na koroboi yako, unagonga, na hakuna ndege hata mmoja. Mzee Danieli akaniona nina mkono. Akamwambia Mwenyekiti kwamba garimoshi likitembea litahitaji mwosha boila wa kudumu, na yeye angemchagua mimi. Habari ikafika Tindiga kabla sijafika nyumbani. Bi Tatu akaja na kanga zake mbili na fimbo yake, nikampigia shikamoo kwa magoti, akaitikia akiwa anatazama masizi usoni kwangu.

"Mke wa mwanangu anaishi ndani ya jiko?"

Nikamweleza sharti la mkaguzi na alilosema Mzee Danieli. Akafikiri. Bi Tatu alikuwa mkali lakini hakuwa mwonevu.

"Sikiliza, mkwe wangu. Hilo dude likitembea, baki na chuma chako. Lisipotembea, mpunga ukiweka maziwa nakutaka dunguni. Tena mwaka huu nimeongeza shamba."

Kwa hiyo wengine waliposema tunajenga taifa, mimi nilijua ninachojenga.

Sasa sikilizeni habari ya kimlango cha tanuru, kwa sababu nimemwona mmoja wenu, yule mnene anayecheka sana, anakichungulia. Usiingie. Wanaume wa wakati ule walisema mwanamke akiingia tanuruni hatazaa tena. Nimezaa saba, na watatu kati yao wanasumbua mpaka leo. Bwana Kibwana ndiye aliyesimamia maneno hayo. Akasema ataingia mwenyewe awe mfano kwa wananchi. Nikamwambia, Mwenyekiti, mtu anaingia kwa mikono kwanza, kama anaogelea. Akasema kiongozi haingii mahali kwa kuinama. Akaanza na miguu. Miguu ikapita. Kiuno kikapita kwa shida. Kitambi kikakataa kwenda na kikakataa kurudi.

Akakaa pale, nusu yake ndani ya tanuru, nusu yake nje ikihutubia. Mzee Danieli akaomba samli. Tukampaka samli Mwenyekiti wa kijiji tumboni, watu wazima, mchana kweupe, tukamvuta kwa mikono kama tunazalisha ng'ombe. Alipotoka alisimama, akajifuta, akasema amejiridhisha kwamba kazi ya ndani inawafaa akina mama. Makofi yakapigwa. Tangu siku hiyo hakuna mwanaume aliyenizuia.

Fundisho: ingia kwa mikono. Na usile sana Ijumaa.

Miaka ya baadaye, nilipokuwa napelekwa huku na huko kuosha maboila ya watu, nilikuwa naulizwa kitu gani cha hatari zaidi kazini. Watu wanategemea niseme mvuke. Mvuke ni hatari, ndiyo, unaunguza hata huuoni. Na maji yakipungua juu ya tanuru ni hatari kubwa kuliko zote, ndiyo maana kile kioo cha maji kinatazamwa kila wakati, hata kama anapita mrembo. Lakini mimi kilichokaribia kuniua ni kenge.

Mirija ya boila letu mingi ilikuwa imeoza. Ile ndiyo inayopitisha moto katikati ya maji, mirefu, imejipanga kama matete. Mzee Danieli alikumbuka kwamba Mikumi, pale ilipokuwa kambi ya wajenzi wa reli, kuna rundo la mirija imeachwa porini. Tukaenda kuichukua, yeye, mimi, na Rajabu ambaye mgongo ulipona aliposikia Mikumi kuna nyama. Tulipofika tukakuta nyani wameigeuza mirija uwanja wa michezo. Dume moja lilikuwa limekalia ncha ya rundo, limeweka mkono kiunoni, kama mtunza stoo. Mzee Danieli akavua kofia akalisalimia. Ninaapa. Akaliambia samahani, tunachukua vyetu kidogo tu. Mimi nikapiga debe na kupiga ile kelele ya dunguni, likakimbia. Rajabu akasema, "Unaona, mama hakukosea, wewe unayo sauti ya kazi ile." Sikumpikia siku mbili.

Tukairudisha mirija kwa behewa la mizigo. Tulipofika Kilosa tukaiingiza kwa muda chumbani mwa stesheni masta, ilikuwa inanyesha. Nikainua mmoja nipulize vumbi. Nikapuliza. Upande wa pili akatoka kenge, mrefu kama mkono wangu, akatua juu ya meza ya stesheni masta, akanyanyua shingo akatazama ratiba ya treni ukutani. Stesheni masta akatoka kwa dirisha. Kenge akatoka kwa mlango, kistaarabu. Basi, mrija wa zamani kabla hujaupuliza, ugonge. Ukiguna, uache.

Mirija tukaikata, tukaiingiza, tukaipanua ncha zake zikaze kwenye bati. Hapa ndipo palipokuwa na tatizo. Kifaa cha kupanulia tuliazima, nacho kikavunjika meno kabla hatujamaliza, na kingine hakikupatikana kote tulikouliza. Tukajaza boila maji baridi kulipima. Maji yakajaa, tukasogeza koroboi, tukaona kila ncha ya mrija ya upande wa chini inatoa tone. Kwa lugha ya kazi tunasema boila linalia. Likilia kidogo, likipata moto chuma kinatanuka linanyamaza. Letu lililia kama limefiwa.

Masika yalikuwa yanakaribia. Mpunga Tindiga ulikuwa umesimama vizuri sana, Bi Tatu alinitumia salamu kunijulisha.

Mzee Danieli akavuma wimbo mzima kwa pua, halafu akasema iko dawa ya wazee wa reli. Ukitia pumba ndani ya maji, gao moja, yaani kiganja kimoja, si zaidi, pumba zinafuata maji kwenye ufa, zinavimba, zinaziba. Si tiba, ni bandeji. Inatosha kukufikisha stesheni, kisha unaosha boila haraka. Tulipaswa kwenda wenyewe kimyakimya tukachukue gao la pumba mashineni, tutie, tufunge. Lakini Mwenyekiti alikuwa amesimama pale. Jioni ile ile akaitisha mkutano akatangaza kwamba fundi anahitaji pumba.

Nyie hamjui kijiji cha kujitolea kilivyokuwa. Kulikuwa na jambo moja hakuna aliyelithubutu: kukataa mchango wa mtu. Mtu akileta jiwe kwenye ujenzi wa zahanati, hata kama ni jiwe bovu, linajengewa. Ukilikataa umemwambia yeye si mwenzetu. Watu waliachana kwa mambo hayo.

Kesho yake asubuhi wa kwanza kufika alikuwa Bi Tatu. Alikuwa na debe zima la pumba za mpunga kichwani, kutoka Tindiga, amefunga kanga mpya. Mzee Danieli akatazama debe, akanitazama mimi, akafungua kinywa kusema gao moja. Bi Tatu akasema, "Nimezipepeta mwenyewe, baba." Mzee Danieli akasema, "Ahsante sana, mama." Debe likaingia lote.

Hilo lingekuwa baya, lakini wanawake wa milimani walikuwa nyuma yake kwenye foleni na pumba za mahindi. Wakaona debe la bondeni limeingia lote. Je, zao zitiwe gao? Zikaingia zote. Wakaja wa Kisanga, pumba kwao zilikuwa zimeliwa na nguruwe, wakaleta unga wa muhogo, wakasema huo unaziba zaidi. Kweli unaziba. Mwanamke mmoja alikuwa hana kitu, akachuma mlenda njiani. Mzee Danieli alitokwa jasho akisema ahsante, ahsante, mama, Mungu akubariki. Mwisho akaja shemeji yake Rajabu kutoka Kidodi, huko kwenye miwa, hajui hata mkutano ulihusu nini. Akaona watu wanamimina vitu ndani ya chombo, naye hakutaka aonekane bahili. Akamimina sukari guru yake yote.

Nilisimama karibu na Mzee Danieli nikamnong'oneza, "Babu, hapa tumetengeneza nini?"

Akasema, "Mwanangu, hapa pamekosekana maziwa tu."

Nikamwomba tulimwage. Akasema wenyewe wamekaa wanalitazama, utalimwagaje? Na kweli walikuwa wamekaa, wamezunguka, kila mmoja anaangalia mchango wake ukifanya kazi. Na lazima niseme ukweli, ulifanya kazi. Boila liliacha kulia. Halikutoa tone hata moja.

Moto wa boila hauwashwi kwa haraka. Hili liandikeni ukutani. Unaanza na kuni chache, unaacha chuma kijinyooshe taratibu kama mzee anayeamka. Ukiharakisha, upande mmoja unatanuka mwingine bado umelala, unapasuka. Tuliwasha jana yake, tukachochea kidogo kidogo, na siku ya safari asubuhi kipimo cha mvuke kikaanza kupanda. Nami nikaanza kusikia harufu. Si harufu ya garimoshi. Ilikuwa harufu ya uji mtamu, ule wa sukari guru. Watoto wakaja wenyewe, na vikombe.

Mkaguzi alifika na suti yake, akawekewa kiti kando ya reli, mstari wa mbele, pamoja na Mwenyekiti na waalikwa. Bi Tatu naye alipewa kiti, kama mchangiaji wa kwanza. Mimi nilikuwa juu kwa Mzee Danieli, nachochea kuni. Natazama kioo cha maji. Kwenye kioo maji huonekana yametulia, unajua yako wapi. Mle ndani niliona povu linapanda, linashuka, linageuka, kama kitu kinachochungulia kutaka kujua tuko wangapi.

"Babu, kioo kinatoa povu."

"Tuombe," akasema Mzee Danieli, akavuta filimbi.

Filimbi ya garimoshi mnaijua, hata kwenye simu zenu ipo. Ile haikulia hivyo. Ilikohoa. Ilikohoa kama beberu aliyekabwa na ganda la muhogo, halafu ikatema donge la uji juu angani, likapanda, likaonekana vizuri na kila mtu, likashuka kwenye kofia ya Mwenyekiti. Watu wakapiga makofi. Walidhani ndivyo inavyokuwa.

Mzee Danieli akafungua mvuke. Garimoshi likashtuka, likaguna, likatembea. Nawaambia lilitembea! Nilihisi magurudumu yanazunguka chini ya miguu yangu, nikaona banda linarudi nyuma, nikasema moyoni kwaheri dungu. Lakini povu lilikuwa limeingia kwenye silinda pamoja na mvuke, na silinda zikiwa na maji lazima ufungue koki za pembeni yatoke, la sivyo vifuniko vinang'oka. Hata mtu mpole kuliko wote hana budi kuzifungua. Mzee Danieli akatazama waalikwa waliokaa mstari wa mbele, akasema kwa sauti, "Ndugu zangu, mniwie radhi," akafungua.

Uji ukatoka pande zote mbili, kwa mstari, kwa utaratibu, ukianzia kiti cha kwanza hadi cha mwisho. Ulikuwa umeshapoa kidogo angani, hakuungua mtu, kwa hiyo mnaruhusiwa kucheka. Suti ya kaunda ikapotea. Kukabaki macho ya mkaguzi na mkunjo mmoja. Kutoka kwenye bomba la moshi ulikuwa unashuka mwingine, laini, wenye masizi. Kuku wa kijiji kizima wakatoka wakawa wanalifuata garimoshi wakidonoa reli. Mbwa wakafuata. Nyuki wa sukari guru wakafuata. Watoto walikuwa wanakimbia kando na vikombe vyao, na hapo ndipo nilipopata kuogopa kweli, nikawapigia kelele ya dunguni wakae mbali. Walitii. Ile sauti ina faida zake.

Tulikwenda kwa mwendo wa kobe aliyeshiba. Mlenda ulikuwa umelainisha reli, magurudumu yanateleza, nikashuka na ndoo ya mchanga nikawa natangulia mbele nikiunyunyiza. Kusukuma hakuruhusiwi, lakini kunyunyiza hakukutajwa. Hivyo garimoshi likaingia stesheni ya Kilosa, nyuma yangu, kama ng'ombe anayefuata pumba. Likagusa jukwaa, likakohoa mara ya mwisho, likazima. Siku ile halikutembea tena hata hatua moja, moto ulikufa, mirija imeganda. Lakini lilikuwa limefika.

Mkaguzi alikuja kwa miguu akifuata njia ile, kuku wawili nyuma yake. Akasimama mbele ya garimoshi. Mimi ndoo mkononi, nikangoja. Akajipangusa jicho moja, akatazama magurudumu, akatazama banda lilikobaki mbali.

"Limefika lenyewe," akasema. Alikuwa mtu wa haki, hilo nitamsifia. "Sharti limetimia, halikatwi. Ila haliondoki hapa mpaka liwe safi ndani. Na mimi sijui binadamu gani atakubali kuingia humo."

Wanaume wakaanza kutazama viatu vyao. Mzee Danieli hakuwa na pumzi. Mwenyekiti alishika kitambi chake. Nami nilitaka kusema mimi, lakini Bi Tatu alikuwa amesimama mbele yangu, amejaa uji kuanzia kilemba hadi kandambili, na mpunga Tindiga ulikuwa umebakiza siku chache, na mama mkwe hasemewi mbele za watu. Akachovya kidole kwenye kanga yake. Akaonja. Akatafuna.

"Hizi pumba zangu," akasema. "Zimeungua chini."

Akamgeukia mkaguzi. "Baba, chungu kikiunguzwa na mimi kinasuguliwa nyumbani kwangu. Huyu mke wa mwanangu ndiye atakayeingia. Leo, kesho, mpaka kiishe. Na kikiisha ataendelea, maana hawa watu watapika tena, nawaona."

Nikapata kunong'ona, "Mama, na ndege?"

Akamtafuta Rajabu kwa macho. Alikuwa nyuma ya watu, ameegemea nguzo, ana kikombe.

"Mgongo," akaanza Rajabu.

"Dunguni watu wanakaa," akasema mama yake.

Ule uji ulikuwa umeganda mle ndani kama zege tamu. Niligonga masika yote, nikautoa kwa vipande, na nilipomaliza nikawa sijui kazi nyingine. Kijiji kikaniandika mwosha boila, na baadaye reli yenyewe ikaniita karakana. Rajabu alirudi kutoka Tindiga hana sauti, na kwa muda wa mwezi mzima nyumba yetu ilikuwa na amani kubwa.

Basi nyie wa fulana. Boila hilo mnalopaka rangi, upande wa chini, nyuma ya mirija ya mwisho kabisa, pana kona ambayo nyundo yangu haikufika. Gongeni hapo kwanza, kwa mkono mwepesi. Kitakachotoka ni cheusi, kigumu, na ukikiweka karibu na moto kitanukia sukari guru. Na watu wa Kilosa wakisikia mnafufua garimoshi watakuja, nawajua, kila mmoja na alichonacho mkononi. Pokeeni kwa mikono miwili, semeni ahsante mama, ahsante baba, kisha zungukeni nyuma ya banda mkawape kuku.